Mkasi Katika Mkoba wa Bi Harusi: Ulikotoka na Namna ya Kuuchagua



Kila wanapofungiwa mabi harusi mkoba wa kufumia, pamoja na nyuzi, sindano na kulabu, huwa tunaulizwa: mkasi tuutie au tuuache? Wapo wanaouogopa. Wanasema kitu chenye makali kikiwa zawadi kinakata mapenzi. Imani hiyo imeenea mbali. Huko Ulaya mtu akipewa kisu au mkasi hutoa sarafu moja, ionekane kanunua, hakuzawadiwa. Sisi dini yetu imeshatukataza kuamini mikosi ya namna hiyo. Lakini kwa vile hofu haiondoki kwa kukatazwa tu, tuitazame historia ya chombo chenyewe.

Mkasi ni wa zamani sana. Misri na nchi za Mto Furati na Tigri walikuwa nao zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Haukuwa na msumari katikati. Ulikuwa kipande kimoja cha shaba nyeusi kilichokunjwa, ukikibana makali yanakutana, ukikiachia kinafunguka wenyewe. Warumi ndio waliokuja kutumia vipande viwili vilivyofungwa kwa msumari, yapata miaka 2,000 iliyopita. Jina letu la mkasi nalo tumelipata kwa Kiarabu, miqass, likaingia pwani kama yalivyoingia maneno mengine mengi ya nyumbani.

Na huko kufuma kwenyewe je? Wengi hudhani ni kazi ya Wazungu wa nchi za baridi. Katika vitu vya kale kabisa vilivyofumwa ambavyo vimebaki duniani, zimo soksi za pamba zilizopatikana Misri, za zama za Kiislamu, kati ya karne ya 11 na ya 14. Zina rangi nyeupe na nili, na baadhi zina mapambo ya herufi za Kiarabu. Hispania nako, katika kaburi la mwana wa mfalme, Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa ustadi mkubwa, unaohesabiwa kuwa kazi ya mafundi Waislamu. Pembeni mwake limefumwa neno moja la Kiarabu likirudiwa tena na tena: baraka. Mtoto wa mfalme Mkristo alilazwa juu ya mto ulioandikwa baraka kwa hati ya Kikufi. Basi dada anayeshika kulabu leo asione ameiga kazi ya watu.

Jambo linalotupendeza zaidi linatoka Uturuki, zama za Dola ya Uthmaniya. Waandishi wa hati za Kiarabu walikuwa na mikasi yao ya kukatia karatasi, mirefu na myembamba. Vishikio vya baadhi ya mikasi hiyo vilisanifiwa kwa umbo la maneno Yaa Fattaah, Ewe Mwenye Kufungua. Hebu fikiri: chombo ambacho sisi tunakiogopa kuwa kinakata, wao waliona kinafungua, wakakipa jina la Mola wao. Na kweli, mkasi haukati mpaka ufunguke kwanza.

Kwa muda mrefu mkasi mzuri ulikuwa wa wachache. Mwaka 1761, mjini Sheffield, Uingereza, Robert Hinchliffe alianza kuutengeneza kwa chuma cha pua kilichoyeyushwa, na taratibu ukawa kitu cha kila nyumba. Karne ya 19 ikatuletea ule mkasi mdogo wenye umbo la korongo, unaopendwa mpaka leo. Husimuliwa kwamba umbo hilo lilitokana na kibanio cha wakunga cha kubania kitovu cha mtoto, ambacho kilikaa mkoba mmoja na kazi zao za mkono wakati wakisubiri uchungu. Mwaka 1967 kampuni ya Fiskars ya Ufini ikatoa mkasi wenye vishikio vya plastiki vya rangi ya chungwa, mwepesi, usioumiza kidole gumba kama ile ya chuma kitupu.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wa mkoba wa kufumia uwe mdogo, kama sentimita 10 hivi, wenye ncha nyembamba. Dukani ujaribu kwa uzi, siyo kwa karatasi, na ukate kwa ncha kabisa; ukitafuna uzi, uache. Angalia katikati: wenye skrubu unaweza kukazwa ukilegea, wenye ribiti ukilegea basi. Anayetumia mkono wa kushoto anunuliwe wa kushoto. Uwe na ala, kwa sababu ncha tupu hutoboa mkoba na kuvuta nyuzi za kazi iliyokwisha fumwa.

Ukishakuwa wako, usikatie karatasi wala nywele. Hewa yetu ya bahari huleta kutu upesi, kwa hiyo ufute kila baada ya kazi, na mara mojamoja utie tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu. Unapomaliza kufuma, acha uzi kama sentimita 15 kabla ya kukata, upate wa kufichia kwa sindano.

Na anayekwenda umra achukue mwingine mdogo wa peke yake, wa kupunguzia nywele kiasi cha ncha ya kidole baada ya kumaliza sa'yi. Auweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, asije akanyang'anywa uwanjani.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama, shangazi na masomo wanaofunga mkoba ni hili: utieni. Mwekeeni mwali mkasi mzuri ndani ya ala yake, mseme Bismillahi, na mumwombee Mwenye Kufungua amfungulie milango ya kheri, riziki na mapenzi ndani ya nyumba yake. Amin.