Kufuli ni la Nani?

Mwaka 2009 mteja mmoja alitujia juu ofisini, Dar es Salaam. Mkononi alikuwa na risiti ya malipo ya asubuhi ile ile, yenye tarehe ya miaka mitatu nyuma. Niliijaribu programu mezani kwangu siku nzima, haikukosea hata mara moja. Ilikosea mwisho wa mwezi tu, foleni ikiwa ndefu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeunda SimpleDateFormat moja, kipande cha maktaba ya lugha ya Java kinachoandika tarehe, nikaiacha itumiwe na nyuzi zote za seva, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba, nikijiona nimebana matumizi. Kumbe ndani yake kuna kalenda moja: huwekwa tarehe kwanza, kisha husomwa mwaka, mwezi na siku. Uzi wa yule mteja uliweka yake. Kabla haujamaliza kusoma, uzi wa mtu aliyekuwa akiangalia deni la zamani ukaipindua.

"Mdogo wangu, ulisoma maelezo yake?" aliniuliza kaka mmoja mkongwe wa pale. Nilikuwa sijasoma. Yalisema wazi kwamba haina kufuli la kuzuia nyuzi mbili zisiitumie kwa pamoja, kila uzi uwe na yake.

Baadaye nilitambua kwamba swali la nani afunge mlango lilikuwa limewasumbua wengi kabla yangu. Katika lugha ya C, strtok hukata maandishi vipande vipande na kukumbuka ilipoishia mahali pamoja tu, kwa programu nzima. Enzi za programu yenye uzi mmoja, hilo halikumdhuru mtu. Mwaka 1995 kiwango cha POSIX cha nyuzi kikaleta strtok_r, inayomtaka kila anayeiita aje na mahali pake pa kukumbukia, kama mgeni anayekuja shughulini na sahani yake.

Java ilipotoka mwaka 1996 ilishika njia nyingine: maktaba ibebe mzigo. Vector na Hashtable, mikusanyo yake ya data, zilifungwa kufuli kwenye kila operesheni. Lakini mwandishi wa programu hafanyi operesheni moja akaondoka. Anauliza, "Jina hili limo?" Akiambiwa halimo, analiweka. Swali lina kufuli, kuweka kuna kufuli. Katikati yake mlango uko wazi, na mwingine keshapenya. Isitoshe, hata anayefanya kazi peke yake alilipa gharama ya kufuli asilolihitaji.

Desemba 1998, Java 1.2 ilileta mikusanyo mipya, kazi iliyoongozwa na Joshua Bloch. ArrayList na HashMap hazikuwa na kufuli. Anayetaka ulinzi aziviringishe mwenyewe kwa Collections.synchronizedMap na wenzake. Mzigo ukarudi kwa mtumiaji, na wengi hawakusikia tangazo. HashMap ikipanuliwa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja, viungo vyake viliweza kujifunga duara, na seva ikazunguka humo bila kutoka.

Suluhu iliyokaa vizuri zaidi ilikuja na Java 5, mwaka 2004, kwa kazi iliyoongozwa na Doug Lea. ConcurrentHashMap ilikuja na putIfAbsent: kuuliza na kuweka kwa tendo moja, pasipo mwanya katikati. Toleo hilo hilo likaleta StringBuilder, ndugu wa StringBuffer, ile ya kuunga maandishi, aliyevuliwa kufuli. Mwaka 2014, Java 8 ikatuletea DateTimeFormatter, ambayo haibadiliki ikishaundwa. Kisichobadilika hakina cha kugombaniwa.

Nikiitazama safari hiyo naona maktaba inajua hatua yake tu. Shughuli inaanzia wapi na kuishia wapi, anajua anayeiita. Ndiyo maana kufuli la maktaba peke yake halikutosha, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Maktaba nayo ina deni: itamke inalinda nini na inaacha nini.

Siku hizi nikiandika kitu kitakachotumiwa na wengine, huanza na mstari mmoja juu kabisa, kabla ya msimbo wowote: kufuli ni la nani.