Olav: Jina la Wafalme wa Norway

Tarehe 25 Novemba 1905, katika baridi na theluji, Waziri Mkuu Christian Michelsen alimlaki melini mfalme mpya aliyekuwa akiwasili Kristiania, Oslo ya leo. Mgeni huyo, Carl wa ukoo wa kifalme wa Denmark, alikuwa amempakata mwanawe wa miaka miwili. Mtoto alizaliwa Uingereza na kubatizwa Alexander. Sasa baba alikuwa Haakon wa Saba, na mtoto alikuwa Olav.

Jina hilo halikuchaguliwa hivihivi. Mfalme Olav Haraldsson, aliyewaingiza Wanorway katika Ukristo, mara nyingi kwa nguvu, aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030. Mwaka uliofuata akatangazwa mtakatifu, na kwa karne nyingi mahujaji walimiminika kwenye kaburi lake Nidaros, yaani Trondheim. Shoka lililoshikwa na simba wa nembo ya taifa ni lake. Mfalme Olav wa Nne alifariki mwaka 1387 akiwa kijana wa miaka 16, na nchi ikakaa chini ya Denmark, kisha Sweden, kwa zaidi ya miaka 500. Kumwita mtoto wa Kidenmark Olav kulikuwa kuwaambia Wanorway kwamba ufalme wao umerudi.

Naye alilistahili jina. Mwaka 1928 alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mashua za tanga huko Amsterdam. Wajerumani walipoivamia nchi mwaka 1940, alikwenda uhamishoni London pamoja na baba yake, na mwaka 1944 akawa mkuu wa majeshi.

Alirithi ufalme mwaka 1957, akawa Olav wa Tano. Desemba 1973, mafuta yalipoadimika duniani, serikali ilipiga marufuku magari ya binafsi mwishoni mwa wiki. Mfalme angeweza kusamehewa. Badala yake alipanda treni ya Holmenkollen kwenda kuteleza kwenye theluji, akiwa amevaa nguo za michezo, akamnyooshea kondakta noti ya nauli. Picha ya tukio hilo Wanorway wanaipenda mpaka leo, na wana haki.

  

Olav wa Tano alifariki Januari 1991, akarithiwa na mwanawe Harald, aliyezaliwa mwaka 1937: mwana wa mfalme wa kwanza kuzaliwa katika ardhi ya Norway tangu Olav wa Nne, mwaka 1370.