Posta Iliyoishi Miaka Miwili na Kidogo

Ukishuka kwenye boti pale Lamu, usibaki ukingoni mwa bahari ambako watalii wote hupigia picha. Ingia ndani kidogo hadi barabara kuu ya mji: Usita wa Mui kwa wenyewe, Harambee Avenue kwa serikali. Ni njia nyembamba. Punda akija na mzigo wake, wewe ndiye unayejibana ukutani. Kwenye barabara hiyo kuna nyumba ya Kiswahili, ya mawe na boriti kama jirani zake, ambayo ungeipita bila kugeuza shingo kama si kibao. Kibao kinasema hapa ni makumbusho ya posta ya Wajerumani.

Wajerumani? Lamu? Wengi wetu shuleni tuliambiwa Mjerumani alikaa Tanganyika, Mwingereza akakaa Kenya, mpaka ukachorwa katikati, basi. Kumbe tarehe 22 Novemba 1888 Wajerumani walifungua posta yao hapa, ya kwanza kwao kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki. Dar es Salaam haikuwa nayo bado, wala Bagamoyo. Lamu ilikuwa nayo. Kufikia mwaka 1891, ilikuwa imefungwa.

Kwa nini watu wafungue ofisi kwenye mji mdogo wa kisiwani, halafu waondoke kabla hata ya miaka mitatu? Jibu liko bara, Witu.

Witu ulikuwa mji wa watu waliokataa kutawaliwa na Zanzibar. Wanabahani, watawala wa zamani wa Pate waliong'olewa kisiwani kwao, walikimbilia huko, na watumwa waliotoroka mabwana zao wakapata hifadhi huko huko. Sultani Ahmed, aliyejulikana kama Simba, alihitaji rafiki mwenye nguvu dhidi ya Zanzibar. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi kutoka kwake, na mwaka huo huo Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Kila upande ulidhani umemtumia mwenzake.

Shida ni kwamba Witu hauko baharini. Bandari iliyokuwa na maana ni Lamu, na Lamu ilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ambaye nyuma yake walisimama Waingereza. Kwa hiyo Wajerumani walikuwa na nchi isiyo na mlango. Hapo ndipo posta inapoingia.

Hebu fikiria kazi ya stempu. Tunaiona kama karatasi ndogo ya kulipia usafiri, lakini pia ni tamko: huku ni kwetu, sisi ndio tunaopokea na kupeleka. Stempu zilizotumika Lamu zilikuwa zile zile za Berlin, bei yake kwa pfennig, bila neno lolote la pwani. Kilichoonyesha kwamba barua imetoka hapa ni muhuri tu: LAMU OSTAFRIKA. Wajerumani walioishi sehemu hizi walikuwa wachache sana, na barua zao hazingelipa gharama za ofisi. Lakini kila bahasha iliyofika Ulaya na muhuri ule ilimweleza msomaji kwamba Ujerumani ina jambo lake Lamu. Ni bendera ndogo iliyobandikwa kwa gundi.

Waingereza nao hawakulala. Kampuni ya Wajerumani na kampuni ya Waingereza zilianza kugombea ushuru wa forodha wa Lamu, ugomvi ukawa mkubwa hadi ukapelekwa kwa mwamuzi, Baron Lambermont wa Ubelgiji. Mwaka 1889 alikataa madai ya Wajerumani, na Sultani wa Zanzibar akabaki huru kuwapa Waingereza forodha hiyo. Angalia vizuri: hatima ya bandari ya Waswahili iliamuliwa na Mbelgiji, kwenye kesi kati ya Mjerumani na Mwingereza. Wenyeji hawakuulizwa.

Halafu, tarehe 1 Julai 1890, mambo yakaisha kabisa. Kwa mkataba uliotiwa saini Berlin, Ujerumani iliachia Witu na madai yake yote ya kaskazini mwa Tanganyika, na miongoni mwa iliyopata ni Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu walikuwa wameahidiwa ulinzi. Sasa waliachwa kwa wale wale waliokuwa wakiwakimbia. Septemba mwaka huo kundi la Wajerumani lililoongozwa na Andreas Küntzel liliuawa Witu. Oktoba majeshi ya Waingereza chini ya Admirali Fremantle yakafika na kuuchoma mji.

Wakati Witu inawaka moto, posta ya Lamu ilikuwa bado wazi. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa, waliokuwa wakilindwa walikuwa wamepoteza mji, na kaunta ilikuwa ingali ikigonga muhuri. Ilifungwa mwaka uliofuata.

Leo bahasha zenye muhuri ule zinatafutwa sana na wakusanyaji wa stempu, kwa sababu ni chache. Nyumba yenyewe iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na mji wote wa kale uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001. Ni vizuri, nyumba ikae. Lakini ukisimama mbele ya kibao kile unaweza kuondoka ukiamini kwamba Mjerumani ndiye aliyewaletea watu wa Lamu barua. Hapo ndipo napata shida.

Lamu ilikuwa mji wa barua kabla ya stempu yoyote. Waraka uliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ukakunjwa, ukapewa nahodha. Kaskazi ikivuma, jahazi linashuka Mombasa na Unguja. Kusi ikivuma, majibu yanapanda. Anwani ilikuwa jina la mtu, la baba yake na la mtaa wake. Na nyaraka hizo hazikuwa za salamu na biashara tu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilipokuwa na uadui uliofikia vita vya Shela, washairi wa miji hiyo miwili waliendelea kurushiana mashairi: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, Zahidi Mngumi upande wa Lamu. Ni diss tracks, ila zilisafiri kwa tanga. Na mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa, alimwita binti yake aje na wino na karatasi. Wosia ule bado unasomwa.

Posta za kisasa zilipokaa imara, watu wa Lamu walizitumia kwa kazi yao wenyewe. Muhamadi Kijuma, mwandishi wa hati, mchonga mbao na mwanamuziki wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa mkono wake na kuandikiana na wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu tenzi za kale kilipita kwenye kalamu yake, halafu kikaingia kwenye bahasha.

Bahasha hizo zilikwenda na hazikurudi. Hati za mkusanyo wa Hichens ziko SOAS, London. Nyingine ziko Ujerumani. Sasa linganisha: posta ya Wajerumani iliyodumu miaka miwili na kidogo ina nyumba na kibao Lamu. Mikono iliyoandika barua kwa vizazi na vizazi ina masanduku ya maktaba ughaibuni.

Sisemi makumbusho yafungwe. Nasema ukuta mmoja ndani yake ungetosha kuanza: nakala za hati za Kijuma, ramani ya pepo za kaskazi na kusi, na maelezo ya namna nahodha alivyompata mwenye barua bila sanduku la posta. Baadhi ya hati za SOAS tayari zimewekwa kwenye intaneti, kwa hiyo kazi ya kuzileta nyumbani ni ndogo kuliko ilivyokuwa. Bado zinahitaji wasomaji wa herufi za Kiarabu, na wazee wanaozisoma kwa urahisi hawaongezeki.

Na si Lamu peke yake. Ukienda ushago Desemba hii, uliza kama kuna barua zozote nyumbani. Mara nyingi ziko, kwenye sanduku chini ya kitanda au katikati ya kurasa za Biblia au Msahafu. Zipige picha, bahasha pia, mbele na nyuma. Kisha muulize bibi nani aliandika, na nani alisomewa.