Siku za Kazi na Siku za Shule: Kipimo cha Mwaka wa Masomo katika Historia ya Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Historia ya elimu nchini Kenya imezoeleka kuandikwa kwa hesabu ya miaka. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilileta mpango wa miaka 4-4-4. Baada ya uhuru, katika enzi ya Tume ya Ominde ya 1964, ulifuata mpango wa 7-4-2-3. Kamati ya Mackay ya 1981 ilizaa mpango wa 8-4-4, ulioanza Januari 1985 kwa kufunguliwa darasa la nane, nao mtaala uliotangazwa mwaka 2017 ukaleta hesabu ya 2-6-3-3-3. Katika kila mageuzi hayo swali lililoulizwa ni moja: mtoto akae shuleni miaka mingapi? Swali la pili, yaani mwaka huo wenyewe uwe na siku ngapi za kufundishwa, halikupewa uzito kama huo.

Hata hivyo, mwaka wa shule si kipimo kilicho sawa kila mahali na kila wakati. Mtoto aliyefundishwa siku 190 na mwenzake aliyefundishwa siku 130 wote huandikwa kuwa wamemaliza darasa la tano, na wote huketi mbele ya karatasi ile ile ya mtihani. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Kitale na Bungoma, kwamba dola iliyotawala Kenya ilijua kuhesabu siku kwa nguvu ya sheria tangu mapema sana, lakini siku ilizozihesabu zilikuwa za kazi. Siku za masomo zilichelewa kupata hesabu, na hata zilipoipata, hazikupata mdhamini.

2. Siku 180 za skwota

Wilaya ya Trans Nzoia, ambayo Kitale ni mji wake mkuu, ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Jina lenyewe lina maana ya "ng'ambo ya Nzoia", na linaonyesha lilipewa na watu waliokuwa wakiitazama nchi hiyo kutoka upande wa pili wa mto. Mashamba ya mahindi yalihitaji wafanyakazi wengi, na wengi wao walikuwa maskwota waliohamia na familia zao. Miongoni mwao walikuwamo Wabukusu kutoka Kavirondo ya Kaskazini, sehemu ambayo baadaye ilizaa Wilaya ya Bungoma.

Uhusiano wa skwota na mwenye shamba uliwekwa katika sheria mwaka 1918. Sheria hiyo ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na kwa malipo yake aruhusiwe kulima kipande cha ardhi na kulisha mifugo. Sheria ya 1937 ilizipa halmashauri za wilaya za walowezi uwezo wa kuongeza idadi hiyo hadi siku 270, na pia kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota. Siku zilihesabiwa kwa uangalifu. Katika ajira ya mashambani tikiti ilikuwa na nafasi 30, na siku ambayo haikuandikwa haikuwa siku, hata kama kibarua aliamka na kwenda shambani. Mwezi wa tikiti, kwa hiyo, ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda.

Watoto wa maskwota nao waliingia katika hesabu hiyo, kwani wavulana waliofikisha umri wa miaka 16 walitazamwa na sheria kama wafanyakazi. Walio wadogo zaidi waliajiriwa kupalilia na kuvuna. Sheria ya ajira ya 1938 iliporuhusu mtoto wa miaka 10 kuajiriwa, Arkidikoni Walter Edwin Owen, aliyefanya kazi Kavirondo kwa miaka mingi, alipeleka malalamiko yake katika magazeti ya Uingereza, na mjadala huo ulilazimisha serikali kulichunguza upya suala la umri.

3. Shule zisizo na kipimo

Upande wa shule hali ilikuwa tofauti. Katika Kavirondo ya Kaskazini elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, hasa Kanisa la Marafiki lililoanza Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi Lugulu, pamoja na Wakatoliki waliojenga Kibabii. Wananchi walijichangia, na Baraza la Wenyeji lilitumia kodi yake kusaidia shule. Ari ya kusoma haikukosekana. Kilichokosekana ni uhakika wa siku. Shule ya kijijini ilifunguliwa mwalimu alipokuwapo, na ilifungwa alipoitwa misheni au aliposhindwa kulipwa. Kwenye mashamba ya Trans Nzoia hali ilikuwa ngumu zaidi. Shule ya shambani ilisimama kwa hiari ya mwenye shamba, na familia iliyofukuzwa shambani ilimwondoa mtoto shuleni siku hiyo hiyo.

Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilifanya elimu kuwa ya lazima kwa watoto wa Kizungu. Mtoto wa mlowezi wa Kitale akawa analindwa na sheria asikose shule. Mtoto wa skwota wa shamba lile lile hakuwa na sheria ya kumlinda, ingawa baba yake alikuwa na sheria ya kumhesabia siku za jembe. Hapa ndipo ubaguzi wa ukoloni unapoonekana kwa namba. Siku ya Mwafrika ilipewa thamani ya kisheria pale tu ilipokuwa mali ya mtu mwingine.

4. Muhula, mahindi na embalu

Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule chini ya usimamizi wa taifa na kumpa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni za uendeshaji wake. Kalenda moja ikatumika toka Mombasa hadi Malakisi: mwaka uanze Januari, uwe na mihula mitatu, na likizo ziwe Aprili, Agosti na Desemba. Kipimo kilichozoeleka kikawa wiki 39, ambazo kwa hesabu ya siku tano kwa wiki ni siku 195, kabla ya kutoa sikukuu na mapumziko ya katikati ya muhula.

Neno muhula linastahili kuangaliwa. Lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya muda wa kungojewa, kama ule anaopewa mdeni kabla ya kudaiwa tena. Shule ililichukua neno hilo na kulipa maana ya kipindi cha masomo. Wazo la deni lililomo ndani yake limesahaulika, lakini, kama itakavyoonekana, halijapoteza ukweli wake.

Kalenda ya taifa ilikutana Kitale na Bungoma na kalenda nyingine mbili za zamani. Ya kwanza ni ya mahindi. Mbegu chotara zilizotokana na utafiti wa Kitale, kuanzia chotara namba 611 iliyotolewa mwaka 1964, hukaa shambani muda mrefu. Hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapoanza na kuvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Likizo ya Aprili huangukia wakati wa kupanda, lakini palizi huja muhula wa pili umekwisha kuanza, na mavuno huanza wakati wa mitihani. Ya pili ni kalenda ya embalu, jando la Wabukusu, linalofanyika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili na linalompa kijana rika lake. Likizo ya Agosti iliiwezesha jamii kutimiza mila bila kumtoa mtoto darasani.

Mapatano hayo kati ya kalenda tatu hayakuandikwa popote, na udhaifu wake ulionekana mwaka 2022, wakati muhula wa pili ulipowekwa kati ya Julai 11 na Septemba 16. Agosti yote ya mwaka wa embalu ikawa ndani ya muhula.

5. Siku zilizopotea

Kilichosababisha badiliko hilo ni ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa kuanzia Machi 16, 2020. Mwezi Julai Waziri George Magoha alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea. Oktoba 12 walirudi wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Wengine walingoja hadi Januari 4, 2021. Ili kufidia wakati, kalenda za 2021 na 2022 zilipunguzwa zikawa na wiki 30 kila moja, yaani siku 150 kabla ya kutoa sikukuu. Idadi hiyo ni ndogo kuliko siku 180 alizotakiwa skwota kumfanyia kazi mwenye shamba mwaka 1918.

Korona ilikuwa msiba wa dunia nzima, lakini haikuwa mara ya kwanza kwa siku kupotea. Mapigano ya 1991 na 1992 yalizihamisha familia nyingi katika Trans Nzoia na Bungoma. Kati ya 2006 na 2008 vita vya ardhi katika Mlima Elgon viliwatoa makwao makumi ya maelfu ya watu. Mgomo wa walimu wa Septemba 2015 ulisimamisha masomo kwa yapata wiki tano, na mafuriko ya 2024 yaliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 13.

Katika mikasa yote hiyo rejista ya darasa haikuwa na mahali pa kuandika kilichotokea. Rejista huonyesha siku ambazo mtoto hakufika shuleni, na haionyeshi siku ambazo shule haikumfikia mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwajibisha mzazi asiyempeleka mtoto shuleni, na kifungu chake cha 37 kinakataza mafunzo ya ziada wakati wa likizo. Kanuni za 2015 zinataja saa za darasani, kuanzia saa 2.00 asubuhi hadi saa 9.30 alasiri. Mzazi ana wajibu wake, na mwalimu ana mipaka yake. Lakini kalenda ilipopunguzwa kutoka wiki 39 hadi 30, tangazo la Wizara lilitosha.

Mahali pengine idadi imewekwa wazi zaidi. Majimbo mengi ya Marekani yana siku 180 katika sheria zao. Nchini Uingereza kanuni za 1999 zilitaka shule za umma zikutane kwa vipindi 380 vya nusu siku, yaani siku 190. Kalenda ya Tanzania hutaja siku 194 za masomo. Namba peke yake haifundishi mtoto, lakini humpa mzazi kitu cha kudai.

6. Hitimisho

Historia ya Kitale na Bungoma inaonyesha kwamba kuhesabu siku ni tendo la mamlaka. Anayehesabu ndiye anayeamua siku ipi ina thamani na nani ataulizwa ikipotea. Sheria ya 1918 ilimuuliza skwota, na sheria za elimu za baadaye zimemuuliza mzazi. Kiwango cha chini cha siku za masomo kitakuwa na maana ya haki kitakapoiuliza dola pia, yaani kitakapoandikwa katika sheria pamoja na wajibu wa kulipa siku zilizopotea, wilaya kwa wilaya, kwa kuzingatia majira ya kilimo na mila za mahali. Mtoto wa Cheptais aliyekimbia vita na mtoto wa Endebess aliyevuna mahindi wakati wenzake wakisoma wanadai, na deni lao halifutwi kwa kufunguliwa muhula mpya.