Ila Iliyogeuzwa Fadhila: Plastiki ya Arusha na Dawa ya Mbu

Hapana limkeralo fundi wa plastiki kuliko kufungua kalibu akakuta chombo kimetoka na ila usoni: michirizi ya fedha iletwayo na unyevu uliosalia katika chembechembe, au mabonyeo penye unene, na iliyo mbaya kuliko hizo, kwa kuwa siku ile haionekani, ni utando mweupe au wa mafuta uchomozao baada ya majuma, chombo kikiwa kimekwisha fika dukani. Unyevu huondolewa kwa kukausha malighafi, na mabonyeo kwa kurekebisha shinikizo. Lakini utando hauna kinga ila kutotia kiungo zaidi ya kadiri iwezayo kushikwa na plastiki ikishapoa, kwani kiyeyukacho katika moto hukosa makao mada igandapo, kikasogea polepole hadi nje.

Katika Arusha ila hiyo ilitafutwa kwa makusudi. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z, kilichoanza mjini humo mwaka 1966 kwa kazi ya nguo, kilipewa na Sumitomo Chemical ya Japani, bila ya kutozwa mrabaha, maarifa ya kutengeneza chandarua cha Olyset, kilichokwisha kubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001. Hapo kabla mama wa nyumba alipaswa kukichovya chandarua katika beseni la dawa kila baada ya miezi 6 hivi, kazi ambayo aghalabu ilisahauliwa, na watoto ndio waliolipia usahaulifu huo. Mtaalamu Takaaki Ito alikuwa ameitia permethrini, kwa kadiri ya asilimia 2, ndani ya polithini ingali ya moto, kabla ya kuvutwa uzi. Basi chandarua kikifuliwa, dawa iliyobaki ndani hutoka taratibu kushika nafasi ya ile iliyooshwa.

Dawa yenyewe haikuwa ngeni kabisa huku. Iliundwa Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973, na Michael Elliott na wenziwe, kwa kufuata sumu ya ua la pareto, zao lililolimwa katika nyanda za juu za kaskazini. Nguvu ya ua huharibiwa upesi na jua, ilhali permethrini hustahimili mwanga.

Mji huu, kwenye kimo cha takriban mita 1,400 chini ya Mlima Meru, hauteswi na malaria kama pwani au kandokando ya Ziwa Victoria, na kwa hiyo nawastahi sana maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliotumia siku zao kuwakinga watoto wa mbali wasiowajua.

Mbu nao wakajenga usugu. Ndipo uzi ukaongezwa piperonili butoksidi, kiungo kiudhoofishacho usugu huo, nacho hutoka usoni kwa njia ile ile. Na utafiti uliofanywa Muleba, mkoani Kagera, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto waliolala chini ya vyandarua hivyo walipatikana na malaria kwa uchache kuliko wenziwao waliotumia vya zamani.