Rupia Ilivyoondoka na Shilingi Ilivyokuja

Katika lugha yetu neno fedha lina maana mbili: ni madini meupe ya kufulia bangili na pete, tena ni mali ya kununulia na kuuzia. Wazee wetu hawakuwa na haja ya kuzitenga maana hizo, kwa sababu rupia waliyoipokea sokoni ilikuwa fedha kweli kweli. Leo twataka kueleza jinsi maana hizo mbili zilivyogombana katika miaka ya 1919 hata 1922, na ni nani aliyelipa gharama ya ugomvi huo.

Rupia ilitoka Bara Hindi pamoja na wafanyi biashara. Mwaka wa 1905 Serikali ya Kiingereza iliithibitisha kuwa sarafu halali ya Afrika ya Mashariki na Uganda, ikagawanywa katika senti 100. Wajerumani nao, upande wa Tanganyika, walikuwa na rupia yao ya hela 100, na neno hela tumebaki nalo hata sasa. Kwa Waingereza kadiri iliyowekwa ilikuwa rupia 15 kwa pauni moja, yaani kila rupia ilikuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza. Watu wakaizoea kadiri hiyo, wakaidhani haibadiliki.

Ndipo ilipokuja Vita Kuu ya 1914. Mataifa yalichapa noti nyingi ili kulipia vita, na bei zikapanda kila mahali. Huko Uingereza bei za bidhaa katika 1920 zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za 1914. Madini ya fedha nayo yakatafutwa sana. Aunsi moja, iliyouzwa London chini ya peni 30 kabla ya vita, ilipita peni 80 mwezi wa Februari 1920. Basi rupia, kwa kuwa ni fedha, ikapanda. Na pauni, ambayo sasa ilikuwa karatasi, ikashuka mbele yake. Kabla ya kwisha 1919 rupia ilikuwa imekwisha pita shilingi 2.

Labda msomaji atauliza: kuna hasara gani ikiwa sarafu iliyo mfukoni imepanda? Na tufanye hesabu. Mlowezi aliyekopa benki rupia 1,500 alikuwa na deni la pauni 100. Kahawa, katani na kitani chake viliuzwa London, akalipwa kwa pauni. Mwanzoni mwa 1920 Serikali ya Uingereza iliamua kwamba rupia ya Afrika ya Mashariki ikae katika shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Siku ile deni lile lile likawa pauni 150, na riba yake ikaongezeka vivyo hivyo, ingawa hakukopa hata senti moja zaidi. Aliyekuwa akidai alifurahi. Aliyekuwa akidaiwa alishika kichwa.

Likafuata jambo la pili. Mwezi wa Aprili 1920 Benki ya Uingereza ilipandisha riba yake hata asilimia 7, ili bei zisizidi kupanda. Riba ikiwa kubwa, mfanyi biashara haweki tena mali ghalani kwa fedha ya mkopo. Huuza upesi, wala hanunui nyingine. Kabla ya mwaka kwisha bei za mazao zilikuwa zikianguka duniani pote. Hata madini ya fedha yakaanguka, na rupia ya Bara Hindi ikarudi chini. Lakini rupia yetu ilikuwa imekwisha fungwa katika shilingi 2. Hivyo deni lilikuwa zito, na mazao ya kulilipa yalikuwa rahisi.

Mzigo kama huo haukosi kutafuta mchukuzi. Mwaka wa 1921 walowezi wa Kenya walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Tuchukue mfano wa kibarua wa rupia 6 kwa mwezi. Kwa kadiri mpya rupia 6 ni shilingi 12. Ikitolewa theluthi, zabaki shilingi 8. Mlowezi aliweza kusema kwamba hakumdhulumu mtu, maana rupia 6 za zamani zilikuwa shilingi 8 vile vile. Lakini kodi ya kibanda haikufuata hesabu ya zamani. Ilikuwa imepandishwa hata ikafika shilingi 16, ndiyo kazi ya miezi miwili mizima kwa mtu huyo, bila kula wala kuvaa.

Kwa sababu hiyo, pamoja na kipande na kazi za kulazimishwa, Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika Hazina ya Nairobi, alikusanya watu mwaka huo wa 1921 wadai haki. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliomtaka afunguliwe ulipigwa risasi, na kwa hesabu ya Serikali yenyewe watu 21 walikufa. Mwaka huo kodi ilipunguzwa ikawa shilingi 12.

Sarafu nayo ilibadilishwa tena. Florini ya shilingi 2, iliyoletwa mahali pa rupia, haikudumu. Na tangu Januari 1922 ikaja shilingi ya senti 100, shilingi 20 kwa pauni. Ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Unguja tangu 1936, hata 1966 kila nchi ilipoanza kutoa shilingi yake.

Walioamua thamani ya rupia walikaa London. Benki zilisikilizwa, walowezi walisikilizwa. Kibarua hakuulizwa neno, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho katika mstari, asiye na mtu wa kumtwika. Basi tusikiapo kwamba sarafu imepanda, au riba imeongezwa, au ushuru umebadilishwa, tusiseme ni mambo ya wenye mabenki. Tuulize: nani anadaiwa, nani anauza, na nani alipwaye mshahara? Majibu ya maswali hayo matatu yataonyesha mzigo unaelekea kwa nani kabla haujamfikia.