Treni Zilipimiwa, Watoto Hawakupimiwa

Kiangazi cha 1955, magharibi mwa Japani, watoto wachanga walianza kuugua ovyo. Homa, kuhara, matumbo kuvimba, ngozi kugeuka nyeusi. Madaktari walikuna vichwa. Mama naye, akiona mtoto anadhoofika, angefanya nini? Alimkorogea chupa nyingine.

Shida ilikuwa ndani ya chupa. Tarehe 24 Agosti, Chuo Kikuu cha Okayama kilitangaza kwamba maziwa ya unga ya Morinaga, kampuni kubwa na ya kuaminika, yalikuwa na aseniki.

Iliingiaje? Kiwanda cha Tokushima kiliongeza sodiamu fosfeti kwenye maziwa ili unga uyeyuke vizuri. Sawa, hiyo haina neno ikiwa safi. Lakini kiwanda kilitumia ile ya bei rahisi, ya viwandani, iliyotokana na mabaki ya kutengeneza alumini. Hakuna aliyeipima. Na usiniambie teknolojia haikuwepo: James Marsh, mkemia Mwingereza, alichapisha kipimo chake cha aseniki mwaka 1836.

Sasa sikia hii, maana ndiyo inayoniuma. Shirika la reli la Japani lilikuwa limeshanunua kemikali hiyohiyo, kusafishia boila za treni. Likaipima, likakuta aseniki, likairudisha kwa muuzaji. Yaani kitu kilichokataliwa na treni kilipata njia hadi kwenye kopo la mtoto.

Zaidi ya watoto 12,000 waliugua. 130 hivi walifariki. Mwaka uliofuata wataalamu wakasema waliobaki wamepona, na habari ikazimwa. Nyumbani haikuzimika. Wazazi waliona watoto wakichelewa kujifunza, wengine wakiugua hadi ujanani, na kina mama wakaendelea kujilaumu kwa sababu maziwa yale waliyanywesha kwa mikono yao wenyewe.

Miaka 14 baadaye, Profesa Hiroshi Maruyama wa Chuo Kikuu cha Osaka, pamoja na wauguzi wa afya ya jamii na walimu, walienda nyumba kwa nyumba wakauliza: mtoto anaendeleaje? Swali dogo tu. Ripoti yao ya 1969 ilifufua kesi nzima. Mwaka 1973 mahakama ilimhukumu mkuu wa uzalishaji wa kiwanda kifungo cha miaka 3, na 1974 ukaundwa mfuko wa kuwahudumia waathiriwa maisha yao yote.

Leo wana miaka 70 hivi. Bado wanahudumiwa.